Kupima Kabla ya Kufungua: Mazungumzo juu ya Nguvu ya Pikipiki Kuukuu

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya mtu ambaye hajapata kuishi mbali na barabara ya lami, walakini kwa mkazi wa kata ya Kasekese, katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, ni jambo linalogusa riziki, afya na elimu ya nyumba yake. Nalo ni namna ya kuipatia injini kuukuu ya pikipiki nguvu zaidi.

Katika sehemu zetu hizi pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo inayotoa gunia la mahindi au la mpunga shambani na kulifikisha mashineni. Ndiyo inayopandisha dagaa na migebuka kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, kutoka Ikola na Karema, mpaka huku nyanda za juu. Na usiku wa manane, mama aliyeshikwa na uchungu anapotakiwa kufika kwenye kituo cha afya, aghalabu ndiyo inayogongewa mlango mwanzo kabla ya gari lolote. Chombo chenye amana kubwa kiasi hiki kinapodhoofika, madhara yake hayaishii kwa mwenye chombo peke yake, bali huwafikia watu wengi ambao hawajui hata pistoni inakaa wapi.

Basi, mara nyingi nimesikia shauri linaloendeshwa mbele ya vibanda vya mafundi, nanyi bila shaka mmelisikia pia. Kijana huja na kusema, "Fundi, chombo kimechoka, hakivuti, mlimani natia gia ya kwanza na abiria inabidi ashuke." Fundi huitazama pikipiki, huisikiliza kwa muda mfupi, kisha hutoa rai yake: tuifungue injini, tuweke silinda kubwa zaidi, au tukwangue hedi, au tutoboe ekzosi ipumue. Fedha hutafutwa, kazi hufanyika, na kwa muda wa majuma machache kijana hufurahi. Kisha injini hupata moto kupita kiasi, huanza kula oili, na hatima yake hurejea pale pale kibandani ikiwa katika hali mbaya kuliko ya mwanzo.

Rai ninayotaka kuiweka mbele yenu leo ni hii: ya kwamba injini iliyotumika miaka mingi aghalabu imepoteza nguvu nyingi kuliko zile ambazo fundi hodari angeweza kuiongezea juu ya maumbile yake, kwamba kwa sababu hiyo wajibu wa kwanza ni kurejesha kilichopotea kabla ya kutamani ambacho hakikuwako, na kwamba mlango wa kurejesha ni kupima, kwa kuwa mtu asiyepima hajui kilichopotea ni kipi, wala kimepotelea wapi.

Na tuanze kwa kuzijua hizo injini zenyewe. Pikipiki nyingi zinazoonekana vijijini mwetu, zenye jina la SanLG na majina mengine mengi yaliyotujia kutoka Uchina, zina injini zenye nasaba moja, nayo ni nasaba ya Honda CG125, iliyotoka Japani katika mwaka 1976. Wahandisi wa Honda waliisanifu injini hiyo kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo mizito, barabara zake ni za vumbi, na oili hubadilishwa kwa nadra; na badala ya kuendesha valvu kwa kamshafti iliyo juu ya hedi pamoja na cheni yake, walirudia fito za kusukuma, kwa kuwa fito hizo hustahimili usahaulifu wa mwenye chombo kuliko cheni. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5, hata ujazo wake ukawa sentimita 124 za ujazo. Na nguvu yake ilipokuwa mpya ilikuwa takriban nguvu 11 za farasi. Bajaj Boxer na TVS, zilizotoka Bara Hindi na ambazo sasa zimeenea kote nchini, zina umbo tofauti la injini na vipimo tofauti, ila kanuni nitakazozitaja zinazihusu zote.

Nguvu 11 za farasi si nyingi, na wala hatuzipati zote. Mji wa Mpanda na vijiji vinavyouzunguka vimekaa juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 1,000, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga kwa karibu sehemu moja katika kumi. Injini isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa hupungukiwa na nguvu kwa kadiri hiyo hiyo, kwa maana kinachoungua ndani ya silinda si petroli peke yake, bali ni petroli iliyochanganyika na hewa, na hewa ndiyo iliyo nyingi: kila kilo moja ya petroli hutaka karibu kilo 15 za hewa ili iungue sawasawa. Kwa hiyo pikipiki mpya kabisa ikifika kwetu imekwisha kuacha nguvu moja ya farasi njiani. Hilo ni kadari ya mahali, nasi hatuwezi kuishusha nchi yetu iwe pwani. Lakini ni sababu kubwa ya kutokubali kupoteza tena hata kidogo katika zile kumi zilizobaki.

Sasa, hizo kumi hupotea vipi? Tangu Mjerumani Nikolaus Otto alipoikamilisha injini yake ya mapigo manne katika mwaka 1876, kazi ya injini ya namna hii haijabadilika: huvuta hewa na petroli, huikandamiza, huiwasha, kisha huutoa moshi. Kila nguvu inayopotea ndani ya injini hupotea katika moja ya mambo hayo manne, na fundi mwenye busara huyafuata kwa taratibu, moja baada ya jingine, kama kadhi asikilizavyo mashahidi kabla ya kutoa hukumu.

Katika kuvuta, shahidi wa kwanza ni chujio la hewa. Fanyeni hesabu pamoja nami. Injini ya sentimita 124 inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta hewa mara 3,000 katika dakika hiyo. Na mpandaji akiwa amevuta mafuta mpaka mwisho, hewa inayopita hukaribia lita 300 kwa dakika, yaani takriban lita 18,000 kwa saa moja. Katika kiangazi chetu, tangu Mei mpaka Oktoba, hewa hiyo imejaa vumbi la barabara, na ndani ya vumbi hilo mna chembechembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Chujio likiziba, injini hukosa hewa, petroli huzidi, na moshi huwa mweusi. Wapo wanaoona hivyo wakaliondoa chujio na kulitupa, na kwa kweli siku ile ile hupata nguvu kidogo, hata wakadhani wamevumbua siri. Kumbe wameufungulia mchanga njia ya kwenda kusaga ringi na silinda, na nguvu waliyoipata leo wanailipa kwa silinda nzima baada ya msimu mmoja. Chujio la sifongo halihitaji kutupwa. Huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, likamuliwe bila ya kusokotwa, likaushwe kivulini, lipakwe oili safi, kisha likamuliwe tena ili oili ibaki kiasi cha kuunasa mchanga bila ya kuzuia hewa. Katika kiangazi, anayefanya kazi kila siku asipitishe juma bila ya kulitazama.

Shahidi wa pili ni kabureta. Kwa kuwa hewa yetu ni nyepesi, kabureta iliyopimwa kwa nchi za chini hutoa petroli nyingi kidogo kuliko inavyofaa, na kabureta iliyochakaa, yenye jeti zilizokwanguliwa kwa waya na sindano iliyolika, huzidisha nuksani hiyo. Plagi ndiyo inayoeleza habari zake: ikitoka na rangi ya kahawia hafifu, mchanganyiko ni wa insafu, ikitoka nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi, ikitoka nyeupe kama iliyochomwa, petroli imepungua na injini imo katika hatari ya kuungua. Jeti kubwa iliyo ndogo kwa hatua moja mara nyingi hutosha kwa kimo chetu. Lakini mtu asipunguze kwa pupa, hasa yule ambaye safari zake humteremsha mpaka ziwani, ambako usawa wa maji ni karibu mita 770 tu na hewa huongezeka uzito, kwa kuwa mchanganyiko uliokwisha kubanwa huku juu hubanika zaidi kule chini. Na jeti isisafishwe kwa waya hata siku moja. Hupulizwa kwa hewa.

Katika kukandamiza ndiko kwenye hasara kubwa kupita zote, nako ndiko ambako wengi hawapimi. Injini hii huukandamiza mchanganyiko mpaka ukabaki kama sehemu moja ya tisa ya ujazo wake wa awali, na nguvu ya mlipuko hutegemea ubora wa mkandamizo huo, ambao mafundi wetu huuita kompresheni. Mkandamizo huvujia penye njia tatu: penye ringi, penye valvu, au penye gasketi ya hedi. Geji ya kupimia kompresheni hufungwa mahali pa plagi, mpandaji akavuta mafuta mpaka mwisho, akapiga kiki mara kadhaa, na mshale ukasema kweli yake. Kisha hutiwa kijiko cha oili ndani ya silinda na kupimwa tena: kipimo kikipanda sana, ringi na silinda ndizo zenye kosa, kwa kuwa oili imeziba upenyo wao kwa muda, kisipopanda, kosa liko kwenye valvu au gasketi. Jaribio hili huchukua dakika chache, na linamwokoa mwenye chombo kununua silinda mpya ilhali kilichoharibika ni valvu, au kusaga valvu ilhali ringi ndizo zilizokwisha.

Na katika valvu, kabla ya kuzifungua, kuna jambo dogo lenye athari kubwa, nalo ni tapeti. Katika injini ya CG125 nafasi ya tapeti ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi. Na milimita 0.08 ni wembamba ambao jicho haliwezi kuuhukumu wala kidole hakiwezi kuuhisi kwa yakini. Tapeti ikikazwa mno, valvu haikai vema kitini mwake, mkandamizo huvuja, na valvu ya kutolea moshi huungua ukingo; ikilegezwa mno, valvu huchelewa kufunguka na hufunguka kidogo, injini ikakosa pumzi na kupiga kelele. Mafundi wengi huiweka tapeti kwa kusikiliza, na wapo wenye sikio jema sana. Lakini geji ya tapeti ni bamba jembamba la chuma lenye bei ndogo, nalo halichoki, halipati homa, wala halisahau. Nathubutu kusema kwamba katika pikipiki nyingi zilizohukumiwa kuwa zimechoka, tapeti iliyowekwa sawa, chujio safi na plagi yenye mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7 vingerudisha sehemu kubwa ya mvuto uliolalamikiwa, bila ya kufungua hata bolti moja ya hedi.

Ikithibitika kwa kipimo kwamba silinda imekwisha, basi hapana budi ifunguliwe; na hapo tena mizani ndiyo hakimu. Silinda hupanuliwa kwa mashine na kuwekewa pistoni ya hatua inayofuata, kwa kuwa pistoni za ziada huja kwa hatua za robo milimita. Wako wanaodhani kwamba kupanua nusu milimita ndiko kunakoleta nguvu. Sivyo: nusu milimita huongeza ujazo kwa chini ya asilimia mbili. Nguvu inayorudi baada ya kazi hiyo hutokana na silinda iliyo duara kamili, ringi zinazokaa sawa na mkandamizo usiovuja. Na kama fundi ataipanua silinda hiyo kwa mkono na karatasi ya msasa, hataipata hata ile asilimia mbili.

Siwezi kuondoka ndani ya injini bila ya kuitaja oili. Katika pikipiki hizi oili ile ile, isiyozidi sana lita moja, hulainisha kranki, pistoni, gia na klachi kwa pamoja, na ni kidogo mno kuachwa miezi mitatu chini ya mizigo mizito. Atendaye kazi ya kubeba angefanya vema kuibadilisha kabla ya kutimia kilomita 1,500. Aidha, injini ya CG ina chujio la oili linalozunguka pamoja na kranki, upande wa klachi, ambalo hukusanya uchafu kwa mzunguko wake. Na ziko pikipiki zilizozunguka Katavi miaka mingi bila ya mtu yeyote kulifungua na kulifuta. Fauka ya hayo, mapezi ya silinda hupozwa kwa upepo. Katika masika matope hujazana baina yake, na injini iliyofunikwa na matope hupata moto, na injini yenye moto kupita kiasi hupoteza nguvu na uhai. Kuyasugua mapezi hayo kwa brashi na maji, injini ikiwa imepoa, hakugharimu chochote.

Tukitoka ndani ya injini tunakuta kwamba nguvu hupotea pia katika safari yake ya kuelekea gurudumuni. Klachi inayoteleza huifanya injini ilie huku chombo hakiendi. Breki iliyokazwa mno huliburuta gurudumu siku nzima, nalo huonekana kwa kuligusa pipa la breki baada ya safari na kulikuta la moto. Cheni kavu inayozunguka juu ya sproketi zenye meno yaliyolika hula nguvu na kuikata njiani. Na tairi lisilo na upepo wa kutosha hugeuza kila kilomita kuwa mlima. Haya yote mpandaji anaweza kuyakagua kila siku, na mpandaji anayeyakagua amejipatia nguvu ambayo haikutoka dukani.

Baada ya yote hayo, huenda bado mtu akasema: injini yangu ni nzima, imepimwa, lakini mzigo wangu ni mkubwa na mlima wangu ni mkali. Huyo nampa shauri la sproketi. Anayebeba magunia hahitaji mwendo. Anahitaji mvuto, na mvuto wa gurudumu la nyuma hutegemea uwiano wa meno. Ikiwa sproketi ya mbele ina meno 15, naye akaweka yenye meno 14, mvuto huongezeka kwa takriban asilimia saba. Akiibadilisha ya nyuma kutoka meno 42 hadi 45, ataongeza asilimia saba nyingine. Gharama yake ni kupungua kwa mwendo wa juu kwa kadiri iyo hiyo, na injini kuzunguka haraka zaidi kwa mwendo ule ule, jambo ambalo si hasara kubwa kwa mtu asiyeweza kwenda mbio juu ya makorongo. Hii ndiyo nyongeza ya kweli iliyo rahisi kuliko zote, na anayeijutia anaweza kuirudisha kwa jioni moja.

Sasa tufike kwenye nyongeza zinazopendwa na vijana. Silinda ya 150 yenye kipenyo cha milimita 62 huongeza ujazo wa injini ya 125 kwa asilimia 20, mwendo wa pistoni ukiwa ni ule ule. Na ikiwa kazi ya mashine ni nzuri na kabureta imelinganishwa nayo, nguvu huongezeka kweli, sikatai. Lakini kranki, beringi, klachi na mapezi ya kupozea vimebaki vya 125, na kila kimoja sasa kinatakiwa kubeba ambacho hakikuumbiwa. Kuiongezea ujazo injini ambayo kranki yake imekwisha kulegea ni kuharakisha kifo chake. Kukwangua hedi, nako, huzidisha mkandamizo, na mkandamizo uliozidi hutaka petroli iliyo bora. Petroli yetu ya vijijini huuzwa katika chupa kando ya njia, na iliyochanganywa na mafuta ya taa hulipuka kabla ya wakati wake, injini ikagonga mlimani, na kugonga huko kunaweza kuitoboa pistoni. Si bure kwamba EWURA, mamlaka inayodhibiti biashara ya mafuta, ilianzisha utiaji wa vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na kwamba serikali iliipandisha kodi ya mafuta ya taa katika mwaka 2011 ili kuivunja tamaa ya wachanganyaji. Na kuhusu ekzosi iliyotobolewa, itoshe kusema kwamba kelele si nguvu: ekzosi husanifiwa pamoja na injini, na kuitoboa aghalabu hupunguza mvuto wa chini, ambao ndio tunaouhitaji, huku ikiwanyima usingizi wagonjwa na watoto wa kijiji kizima.

Pengine mtu atanipinga kwa mfano wa Burt Munro, mtu wa Invercargill huko New Zealand, ambaye sifa zake zimezagaa ulimwenguni miongoni mwa wapenda pikipiki. Alinunua pikipiki aina ya Indian Scout ya mwaka 1920, yenye ujazo wa sentimita 600 na mwendo usiozidi kilomita 90 kwa saa. Akaifanyia kazi kwa miongo mingi ndani ya kibanda chake, akijisubia pistoni zake mwenyewe, mpaka katika Agosti 1967, akiwa na umri wa miaka 68 na injini yake ikiwa imefikishwa takriban sentimita 950, aliikimbiza juu ya uwanja wa chumvi wa Bonneville, katika jimbo la Utah huko Marekani, kwa mwendo wa karibu kilomita 295 kwa saa. Ni kisa cha kustahiki heshima kuu, nami namheshimu. Lakini yatazameni masharti yake. Chombo chake kilikimbia kwa dakika chache, juu ya ardhi tambarare, bila abiria wala mzigo. Na ndani ya kibanda chake aliweka rafu iliyojaa pistoni zilizovunjika na vyuma vilivyopasuka, ambavyo ndivyo vilivyokuwa ada ya elimu yake. Kitu kimoja cha Munro twaweza kukirithi sisi wa Kasekese, nacho ni subira yake ya kutafuta sababu ya kila kuvunjika kabla ya kujaribu tena. Mwendo wake hatuuhitaji.

Na katika kuuacha mwendo wake iko hekima ya uhai pia. Nishati ya mgongano huongezeka kwa mraba wa mwendo: pikipiki inayokwenda kilomita 80 kwa saa ina nishati ya mgongano iliyozidi kwa asilimia 78 ile ya pikipiki hiyo hiyo ikienda kilomita 60. Breki za pipa tulizonazo zilipimwa kwa injini ya asili, na hakuna anayezibadilisha anapobadilisha silinda. Kijana anayeongeza nguvu bila ya kuongeza uwezo wa kusimama amenunua nusu ya chombo, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyokuwa imlinde yeye na aliyempakia.

Neno langu kwa matajiri wa pikipiki, yaani ninyi mnaozikabidhi kwa vijana kwa mkataba na kupokea hesabu kila siku au kila juma, ni hili. Kijana ambaye lazima alete hesabu hata siku ya mvua hataifunga pikipiki nusu siku ili apime kompresheni, wala hatanunua oili kwa fedha ya chakula chake. Mkiandika katika mkataba kwamba oili na chujio ni juu ya tajiri, na kwamba iko siku moja ya matengenezo katika mwezi isiyodaiwa hesabu, hamtakuwa mmefanya sadaka. Mtakuwa mmeilinda rasilimali yenu.

Na neno langu kwa mafundi, ambao mikono yao ndiyo inayoiendesha nchi hii ya vijijini, ni la heshima na ombi. Ufundi wenu umetoka katika kutazama na kutenda, na wengi wenu mnaweza kuijua injini kwa kuisikia ikija kwa mbali. Elimu hiyo isidharauliwe na mtu yeyote. Lakini iongezeeni mizani. Vyama vya bodaboda vya kata vinaweza kuchangishana na kununua geji moja ya kompresheni, geji ya tapeti, na ufunguo wa kukazia bolti kwa kipimo, vikawekwa kwa fundi mwaminifu na kutumiwa na wote. Na vyuo vya VETA, ambavyo vipo kwa ajili ya ufundi wa wananchi, vingefanya jambo la manufaa makubwa kama walimu wake wangefika katika kata kwa siku chache, wakawafundisha mafundi walio kazini tayari, mbele ya pikipiki zao wenyewe, kuvitumia vipimo hivyo na kuandika matokeo yake katika daftari la kila chombo.

Basi nawausia hivi, ndugu zangu: siku chombo chako kitakapoacha kuvuta, usimwambie fundi akiongezee, mwambie akipime. Aanze kwa chujio, afuatie plagi na tapeti, kisha kompresheni, kisha klachi, breki na cheni, na akupe kila kipimo kwa tarakimu. Kilichopungua kirudishwe. Kisipotosha, badilisha sproketi. Na kama baada ya hayo yote mzigo wako bado unaishinda injini, ugawe ufanye safari mbili, kwa sababu safari ya pili ina gharama ndogo kuliko injini ya pili.